Niliyemfundisha kuhesabu noti sasa ndiye bosi wangu. Niache kazi?

Mshauri, hujambo?

Mimi ni keshia katika benki moja hapa Nairobi, tawi la katikati ya jiji. Niliajiriwa Agosti 2014. Wakati huo tulikuwa makeshia saba, na mwisho wa mwezi foleni ilitoka nje ikampita askari wa mlangoni. Leo tumebaki wawili. Kuna asubuhi inafika saa nne sijahudumia watu kumi. Wateja wanatuma kwa simu au wanaenda kwa wakala. Wanaonijia ni wazee wa pensheni, wafanyabiashara wa Gikomba wenye mabunda yao, na wale ambao simu imewashinda.

Lakini kazi kupungua siyo iliyoninyima usingizi. Mwaka wa 2019 tuliletewa kijana mwanagenzi. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika noti, kuitambua bandia kwa kidole kabla hata hujaiangalia, na kufunga hesabu jioni mpaka shilingi ya mwisho ionekane. Januari mwaka huu amerudi kwetu, safari hii akiwa msimamizi wa shughuli za tawi. Siku ya kwanza aliniita "madam" na tukacheka. Wiki ya pili akaniambia, mteja akisikia, kwamba mimi ni mzito kwenye sistimu mpya na ninachelewesha watu. Nilienda chooni nikalia. Tangu siku hiyo nikiamka asubuhi tumbo linanikata kabla hata sijafika kituo cha matatu. Mtu niliyemnunulia chai na mandazi mwezi mzima kwa sababu hakuwa na nauli!

Rafiki yangu tuliyekaa naye kaunta alitoka mwaka wa 2022 akaingia kampuni ya mikopo ya simu huko Kilimani. Ameniambia wanatafuta mtu mwenye uzoefu wa kuhudumia wateja. Watanilipa Sh120,000. Hapa ninapata Sh95,000. Ni mkataba wa mwaka mmoja, na bima ya matibabu ni yangu peke yangu. Wanataka jibu kabla ya mwezi kuisha.

Baba watoto hataki kusikia. Anasema benki ni benki. Kifungua mimba wetu ameingia Gredi ya 10 mwaka huu, yuko bweni, na mdogo wake bado yuko shule ya msingi. Nina mkopo wa wafanyakazi wa riba ya asilimia 6, wa ploti ya Kitengela, umebaki Sh1.4 milioni na miaka mitano. Pia niko kwenye Sacco ya wafanyakazi na nimemdhamini mwenzangu mmoja.

Wenzangu wengine wananiambia nitulie, benki itatangaza kustaafu mapema kwa hiari tulipwe vizuri. Na nisikufiche: benki ilileta mafunzo ya Jumamosi mara mbili, 2021 na 2023, ya mambo ya data na kuchunguza miamala. Sikwenda. Jumamosi ni siku ya chama na ya kufua, na niliona ni mambo ya vijana. Nina miaka 38.

Niende au nibaki?

Keshia wa Donholm

*

Dada wa Donholm,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu. Mkopo wa Sh1.4 milioni umeutaja kwa sentensi moja. Kijana amechukua aya nzima, na mandazi yake. Kazi ya Kilimani yenyewe haina sentensi hata moja inayosema utakuwa ukifanya nini kuanzia saa mbili asubuhi. Ndipo nikajua mahali pa kuanzia.

Wataalamu wawili wa Marekani, Thomas Lee na Terence Mitchell, waliandika mwaka wa 1994 kwamba si kila anayeacha kazi huwa amechoshwa nayo kidogo kidogo mpaka ikamjaa. Mara nyingi hutokea jambo moja, wao waliliita mshtuko, likamfanya mtu asimame na kujiuliza anafanya nini pale. Jambo lenyewe linaweza kuwa dogo. Lako ni sentensi moja iliyosemwa mbele ya mteja. Sikulaumu. Mimi pia niliwahi kutoka mahali Industrial Area kwa sababu ya neno moja nililoambiwa mbele ya watu. Saa tano nilibwaga barua mezani, saa sita nilikuwa kituoni nikisubiri matatu bila mpango wowote wa Jumatatu. Neno lenyewe nimelisahau. Kodi ya miezi miwili iliyofuata sijaisahau.

Kwa hiyo tumweke kijana pembeni kidogo, tutamrudia, tuchukue kikokotoo.

Nyongeza yako ni Sh25,000. Ikishapita kwa kodi ya mapato ya PAYE, mfuko wa afya wa SHIF wa asilimia 2.75, ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 na akiba ya uzeeni ya NSSF, itakayofika mkononi ni kama Sh16,000. Sasa mkopo. Riba ya asilimia 6 unapewa kwa kuwa ni mfanyakazi wao. Katika benki nyingi, siku unapoondoka mkopo huo unahamia kwenye riba ya mteja wa kawaida. Fungua barua yako ya mkopo, kuna kipengele kinachosema hivyo au kinachokutaka uulipe wote. Kwa riba ya 6, unalipa takriban Sh27,000 kwa mwezi. Ikipanda hadi 16, kwa mfano, utalipa kama Sh34,000. Elfu saba zimekwenda. Zimebaki tisa. Kutoka Donholm mpaka mjini nauli ni ileile, lakini sasa unaongeza matatu ya 46 kwenda na kurudi; tuseme Sh150 kwa siku, siku 22, zaidi ya elfu tatu. Umebaki na kitu karibu elfu sita, na watoto wako hawana bima ya kazini, wamebaki na ile ya SHIF tu. Mtoto mmoja akilazwa siku tatu, Sh120,000 hiyo utaiona ndogo kuliko Sh95,000.

Mumeo alikuwa anakuambia hayo, ila aliyasema kwa maneno matatu. Mwambie nimesema ana nusu ya haki. Nusu nyingine hana, kwa sababu "benki ni benki" ilikuwa kweli mwaka wa 2006. Mwaka uliofuata M-Pesa ilikuja. Mwaka wa 2010 Benki Kuu ikaruhusu benki zitumie mawakala, na mwenye duka mtaani kwenu akawa keshia. Kisha riba ilipowekewa kikomo mwaka wa 2016, benki kadhaa zikapunguza wafanyakazi. Wewe uliingia 2014, ukaikuta foleni ikiwa bado ndefu, ukadhani ndiyo hali ya kawaida. Ilikuwa inaisha tayari.

Hao wanaokuambia usubiri ulipwe, nao wana jambo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inasema anayepunguzwa kazi alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Kwako ni miaka 11, siku 165. Kama Sh95,000 yote ni mshahara wa msingi, na tukihesabu mwezi kuwa siku 30, hiyo ni zaidi ya Sh520,000. Makubaliano ya chama cha wafanyakazi cha BIFU na waajiri yanaweza kukupa zaidi, kama uko kwenye daraja linalohusika, na mipango ya kustaafu kwa hiari kwa kawaida hupita kiwango cha sheria. Ukiandika barua ya kuacha kazi wewe mwenyewe, fedha hizo unaziacha mezani. Ni vizuri ulijue hilo. Lakini kuifanya hiyo ndiyo kazi yako ya kila siku, kukaa kaunta ukingoja kufukuzwa kwa heshima, sikushauri. Nimewaona watu waliongoja hivyo miaka sita. Walipopata hundi walikuwa wamesahau kufanya kitu kingine chochote.

Turudi Kilimani. Umeandika wanataka mtu wa "kuhudumia wateja". Kwenye kampuni ya mikopo ya simu maneno hayo yanaweza kuwa na maana ya kupokea malalamiko, na yanaweza kuwa na maana ya kukaa na kipaza sauti kichwani ukiwapigia watu wenye deni. Hiyo ya pili ni kazi kama nyingine, wapo wanaoiweza, lakini wewe umenieleza kwamba neno moja kutoka kwa kijana lilikupeleka chooni. Utatukanwa mara thelathini kabla ya chakula cha mchana. Muulize rafiki yako bila kuzunguka. Pia tafuta jina la kampuni hiyo kwenye orodha ya Benki Kuu ya wakopeshaji wa kidijitali waliopewa leseni. Kanuni za Machi 2022 zinawataka wawe na leseni, na zinawakataza kumtishia mdaiwa au kuwapigia jamaa zake walio kwenye simu yake. Kama jina halimo, mazungumzo yameishia hapo.

Sasa kijana. Hapa utanisamehe.

Ulimfundisha noti, naye akaenda akajifundisha yaliyobaki. Sijui kama alihudhuria yale mafunzo ya Jumamosi, lakini najua wewe hukuhudhuria, mara mbili. Ulikuwa na miaka 33 mara ya kwanza ukasema ni mambo ya vijana. Dada, miaka 33! Alikosea kukukaripia mbele ya mteja, na hilo mwambie mkiwa wawili, kwa sauti ya kawaida, hata kesho: "Ukiwa na la kunirekebisha, niite pembeni." Nadhani atainamisha kichwa. Ila ndani ya ukorofi wake kulikuwa na habari uliyoihitaji. Wewe ni mzito kwenye sistimu mpya. Utakuwa mzito kwenye sistimu ya Kilimani vilevile, na kule hakuna atakayekumbuka mandazi.

Kuna Mmarekani anayeitwa Mark Savickas ambaye amechunguza kwa miaka mingi kinachomsaidia mtu kugeuka kazi zinapogeuka. Mwaka wa 2012 yeye na wenzake kutoka nchi 13 walitoa kipimo cha mambo manne: kuijali kesho yako, kushika usukani wako mwenyewe, udadisi, na kujiamini kwamba utaweza. La kwanza unalo, tumbo linalokukata asubuhi ni ushahidi. La nne limejeruhiwa Januari. La tatu, udadisi, ulilifungia Jumamosi moja ya 2021 pamoja na nguo za kufua. Hilo ndilo linalonisumbua mimi kuliko mshahara, kwa sababu mtu akishalipoteza, haijalishi amebaki au ameondoka.

Na hapa watu wengi wanachanganya. Wanadhani anayejua kujigeuza ni anayehama. Unaweza kuhama ofisi tano ukiwa yuleyule, na unaweza kubaki jengo moja miaka ishirini ukiwa umebadilisha kazi mara nne. (Waajiri nao huchanganya, wanaogopa kumfundisha mtu asije akaenda. Watafiti wawili wa Kanada, Ito na Brotheridge, waliliangalia hilo mwaka wa 2005 wakakuta yote mawili: ukimsaidia mfanyakazi kukua anakupenda zaidi, na pia mlango wa kutoka anauona vizuri zaidi. Benki yenu ilikubali hatari hiyo ikawaita Jumamosi. Si waajiri wengi wanaofanya hivyo.)

Nikuulize swali. Mtu akileta mfuko wa fedha kwenye dirisha lako, unajuaje kwamba hadithi yake si ya kweli? Najua jibu lako, kwa sababu makeshia wote hunijibu hivyohivyo: "Unajua tu." Anayeweka fedha nyingi taslimu anatakiwa aeleze zimetoka wapi, nawe umesikiliza maelezo hayo miaka kumi na moja. Umesikia ya ng'ombe waliouzwa Garissa na ya shamba la urithi. Unamjua mwenye mabunda ya Gikomba halali, noti zake zimekunjamana na zina harufu ya mitumba, na unamjua yule aliyeleta noti zilizopangwa na mtu mwingine. Februari 2024 Kenya iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, taasisi ya kimataifa inayopambana na utakatishaji wa fedha. Tangu hapo benki zimebanwa zichunguze miamala ya kutiliwa shaka kwa makini zaidi. Kazi hiyo inafanywa makao makuu na vijana wenye shahada wanaoitazama fedha kwenye skrini, na wengi wao hawajawahi kumwona mwenye fedha akitokwa jasho. Wewe umemwona. Kinachokupungukia ni nusu ya pili, ile ya skrini, ambayo ndiyo waliyoifundisha Jumamosi.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kwa masharti uliyonieleza, usitie sahihi. Waandikie Kilimani kwa adabu, waulize mambo mawili: kama bima inaweza kufunika watoto, hata kama mshahara utashuka kidogo, na kama baada ya mwaka kuna kazi ya kudumu. Wakikubali yote mawili, hesabu inabadilika, uniandikie tena. Wakinyamaza, umeshajibiwa.

Wiki hiyohiyo muone meneja wa tawi, wala si kwa kulalamika. Mwambie unataka miezi mitatu au sita katika idara inayochunguza miamala, ukiwa umeazimwa kutoka tawini, na kwamba utahudhuria mafunzo yanayofuata hata kama ni Jumamosi. Mueleze ulichonieleza mimi kuhusu kidole na noti bandia. Makeshia huona haya kutaja ujuzi wao kwa kuwa hauna cheti. Andika ombi kwenye karatasi na ubaki na nakala. Chama cha akina mama kitahamia Jumapili baada ya kanisa, wameshawahi kuhamisha kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Jipe hadi mwisho wa mwaka. Kama benki itakataa, au itakuambia "tutaona" mara tatu, basi anza kutafuta kwa moyo mweupe, na utafute kwa jina la mchunguzi wa miamala, siyo la keshia. Sacco kubwa zinahitaji watu hao, na hata hao wakopeshaji wa simu. Siku ya kutoka, notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28 kwa maandishi, isipokuwa mkataba wako unadai zaidi, na mwajiri lazima akupe cheti cha utumishi kwa mujibu wa kifungu cha 51 cha Sheria hiyo ya Ajira. Usikiache. Nitakusaidia kuandika barua yenyewe.

Kuna jambo moja sikulipenda kulisoma haraka vile ulivyoliandika. Umesema huko Sacco umemdhamini mwenzako "mmoja", ukapita. Mwaka wa 2001 Mitchell na wenzake waligeuza swali la kawaida, wakauliza watu hubaki kazini kwa nini, na sehemu ya jibu ilikuwa hasara ambayo mtu angeipata akitoka. Hasara za namna hiyo ndizo mizizi yako hapo benki, na huu mzizi wa Sacco umejificha. Wewe ukiondoka, akiba yako inaweza kuzuiliwa mpaka yeye amalize kulipa au apate mdhamini mwingine. Na kama yeye ndiye atakayeondoka kwanza, makato ya mshahara wake yatakoma na Sacco itakugeukia wewe.

Ni keshia au ni nani? Amebakisha kiasi gani? Ingia ofisi ya Sacco Jumatatu wakati wa chakula cha mchana, uombe taarifa ya mkopo wake iliyopigwa muhuri, ndipo umpigie.